Dumu la Maji Ndani ya Tasnifu: Wasomaji Wauliza Kuhusu Onazi ya Fani Mtambuka

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi wa sayansi wanaosoma, au wanaojiandaa kusoma, shahada ya kwanza Marekani na Kanada, pamoja na wazazi wao. Mengine tumeyafupisha.

SWALI: Habari za kazi. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi ya kusoma baiolojia Marekani. Barua inasema naweza pia kuomba programu ya onazi ya fani mtambuka. Mjomba wangu anasema hiyo ndiyo fasti klasi, na kwamba nikiingia nimeshaipata. Ni kweli? – Msomaji, Machakos

JIBU: Mjomba anasema la huku kwetu. Kenya, alama 70 kwenda juu ni fasti klasi na 60 hadi 69 ni sekondi apa. Tanzania hutumia GPA, yaani wastani wa alama, ya kipimo cha 5, na fasti klasi inaanzia 4.4. Mfumo huo tumeurithi kwa Waingereza: alama zinajumlishwa, shahada nzima inapewa daraja. Marekani shahada haina daraja la namna hiyo.

Neno lenyewe, honors kwa Kiingereza, nalo lina mtego. Ukisema "shahada ya heshima" umeshaharibu, kwa kuwa hiyo ni ile wanayovishwa marais na wafadhili siku ya mahafali bila kukaa darasani hata siku moja. Ndiyo maana tunaandika onazi, basi.

Vyuo vya Marekani vinaliita onazi kila moja ya mambo matatu yafuatayo, na barua zao hazifafanui ni lipi. Kuna maneno ya sifa ya Kilatini yanayoandikwa kwenye cheti, cum laude na wenzake, ambayo kwa kawaida huangalia GPA. Kuna onazi ya idara: unafanya utafiti, unaandika tasnifu, unaitetea. Halafu kuna programu ya onazi yenye madarasa yake madogo, ambayo mtu huingia mwaka wa kwanza au wa pili na kukutana na wenzake wa historia, uchumi au muziki. Barua yako inahusu hii ya mwisho.

Kuingia si kuipata. Programu nyingi hutaka GPA isishuke chini ya kiwango fulani, mara nyingi kati ya 3.3 na 3.5 kwa kipimo cha 4. Anayeshuka hutolewa kwenye programu, shahada yake ya kawaida ikabaki palepale.

Kabla hujasaini, mwandikie mshauri wa programu umuulize kama madarasa ya onazi yanahesabiwa ndani ya krediti 120 za shahada au yanaongezwa juu yake. Kisha muulize kama yanagongana na maabara. Hilo la pili mwanafunzi wa sanaa halimhusu, wewe linakuhusu sana: maabara za baiolojia na kemia hukaa mchana, saa tatu hadi nne mfululizo, na kozi za kemia zinafuatana kama ngazi. Ukiiacha kemia ya mwanzo muhula wa kwanza ili uhudhurie semina nzuri ya falsafa, kemia ya kaboni inasogea mwaka mzima, nayo baiokemia inaifuata.

SWALI: Nasikia kuna chuo ambacho wanaokutahini si walimu wako, ni wageni. Wanakutungaje mtihani watu ambao hawajakufundisha? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Nairobi

JIBU: Bila shaka unazungumzia Swarthmore, Pennsylvania, karibu na Philadelphia. Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, alikuwa rais wa chuo hicho kuanzia 1921, na mwaka 1922 akaanzisha mpango wa onazi akiiga alichokiona Uingereza. Wazo lilikuwa kwamba mwalimu akiacha kuwa hakimu, yeye na mwanafunzi wanakuwa upande mmoja.

Mwanafunzi hujiandaa katika maeneo kadhaa, mengi ya fani yake kuu, na huenda moja likawa la fani ya pili. Eneo moja kwa kawaida ni semina yenye uzito wa kozi mbili, au kozi mbili zinazokaa pamoja, na kwa watu wa sayansi eneo moja linaweza kuwa utafiti wenye tasnifu. Mwalimu humpelekea mtahini wa nje muhtasari wa kozi na orodha ya vilivyosomwa, kwa hiyo mtahini hatungi gizani. Mwisho wa mwaka wa nne, mwezi Mei, unakaa mitihani ya maandishi, kila mmoja wa muda wa saa tatu, kisha watahini wanafika chuoni na kila mmoja anakuhoji ana kwa ana. Wao ndio wanaoamua kama unapata onazi, onazi ya juu au ya juu kabisa.

Kinachowaangusha watu wa sayansi hapa ni mahojiano. Mwanafunzi wa kemia amezoea swali lenye jibu. Mtahini wa fani ya pili, tuseme anthropolojia, anauliza kuhusu mama aliyehojiwa kwenye utafiti: "Kwa nini uliamini alichokuambia huyo mama?" Mwanafunzi anajibu kwa takwimu. Hakuulizwa takwimu. Jizoeze kuanzia mwaka wa tatu: kila wiki mweleze mtu wa fani nyingine jambo moja la kazi yako kwa dakika tano bila ubao.

Ombi la kuingia huwasilishwa muhula wa pili wa mwaka wa pili, sambamba na mpango wako wa masomo. Anayeanza kufikiria mwaka wa tatu amechelewa.

SWALI: Shikamooni. Nasoma kemia mwaka wa pili. Kwetu ni Usa River, chini ya Mlima Meru, ambako maji yanabadilisha meno ya watoto yakawa ya kahawia. Nataka tasnifu ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, lakini programu inadai lazima niunganishe na sayansi ya jamii. Nikiongeza dodoso la wanakijiji mwishoni inatosha? – Mwana wa Meru

JIBU: Marahaba. Haitoshi, ila mada yako ni nzuri kuliko unavyodhani.

Miamba ya volkano ya eneo lenu huachia floraidi kwenye maji, na Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapohapo Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, na mkaa wa mifupa unajulikana vizuri. Ukiandika kwamba mkaa wa mifupa unapunguza floraidi, hujasema jipya. Ukiongeza sura ya "mtazamo wa jamii" yenye dodoso la watu ishirini, umeshona kiraka kwenye nguo iliyokwisha kukatwa.

Jiulize hivi: fani ya pili ikiondolewa, jaribio la maabara linabaki vilevile? Likibaki, fani hiyo haikuwa na kazi.

Tufanye hesabu. Tuchukulie chujio lina kilo 10 za mkaa na kila gramu inashika miligramu 2 za floraidi kabla ya kuchoka. Jumla ni miligramu 20,000. Maji ya kisima yana miligramu 8 kwa lita, wewe unataka yafike 1.5, kwa hiyo kila lita inaacha 6.5 kwenye mkaa. Ukiwa maabara unakisia kwamba familia inachuja dumu moja la lita 20 kwa siku. Mkaa unapokea miligramu 130 kila siku, na utadumu siku 154 hivi, miezi mitano. Sasa ingia jikoni kwa watu. Unakuta maji ya chai, ya ugali na ya uji wa mtoto yote yanapita kwenye chujio, madumu mawili kwa siku. Siku 77. Kwa kweli floraidi huanza kupenya kidogokidogo hata kabla ya hapo, na maji yanayotoka ni meupe, hayana harufu wala ladha tofauti. Hakuna mtu nyumbani atakayejua.

Swali lako la tasnifu limekaa hapo: familia itajuaje kwamba mkaa umechoka? Mkemia peke yake hawezi kulijibu, maana hajui madumu mangapi yanapita wala nani anayeyahesabu. Mtu wa sosholojia naye hawezi, maana hajui mkaa unashika kiasi gani.

Suala la mifupa nalo lina pande mbili. Muislamu hatakunywa maji yaliyopita kwenye mkaa wa mifupa ya nguruwe, na Mhindu ana lake kuhusu ng'ombe. Kwa hiyo chanzo cha mifupa kinaamuliwa kijijini, kisha wewe unakwenda kuichoma. Nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi ndipo watu wengi hufanyia kazi. Chini ya hapo mabaki ya mafuta na nyama yanaipa maji rangi na harufu, na ndoo ya kwanza ikinuka, chujio linageuzwa kuwa stuli. Ukizidisha sana moto, mkaa unapoteza uwezo wake wa kushika floraidi. Pima joto ndani ya tanuri penyewe, usibahatishe kwa rangi ya moshi.

Kwenye mahojiano usiulize "mnatumia lita ngapi?" Hakuna anayeishi kwa lita. Uliza madumu mangapi yaliletwa jana, nani aliyaleta, na kila moja lilifanya kazi gani. Muulize anayechota, ambaye mara nyingi si yule aliyekupokea sebuleni. Kaya 30 ulizozitembelea mara tatu zitakufaa kuliko kaya 150 ulizopita mara moja mbio.

Upande wa kipimo, tumia elektrodi ya floraidi, na ufuate taratibu bila kuruka hatua. Andaa miyeyusho sanifu ya miligramu 0.5, 1, 2, 5 na 10 kwa lita. Kila mmoja, na kila sampuli, changanya mililita 10 kwa mililita 10 za bafa iitwayo TISAB, inayoweka pH kati ya 5 na 5.5 na kusawazisha ioni. Pimia kwenye kopo la plastiki, kwa joto lilelile na kasi ileile ya kukoroga. Kabla ya kugusa sampuli, linganisha myeyusho wa 1 na wa 10: tofauti iwe milivolti 54 hadi 60 kwenye nyuzi 25. Ukipata 45, elektrodi imechakaa au myeyusho umekosewa, na kila namba utakayoandika siku hiyo ni ya kutupa. Sampuli inayozidi 10 izimue kwa maji safi ya maabara, urudie. Kila sampuli ya kumi ipime mara mbili.

Kuna kosa moja linalotoa matokeo matamu ya uongo. Kaya nyingi hutia shabu kwenye maji ya tope ili yatulie. Shabu ina alumini, alumini inaikumbatia floraidi, na elektrodi huona floraidi iliyo huru tu. Maji yenye 6 yanaweza kusomeka kama salama. Tiba yake ni TISAB yenye CDTA, kemikali inayoing'oa alumini. Bafa ya kujichanganyia isiyo na CDTA haifai hapo. Na utajuaje kama shabu ilitumika? Kwa kuuliza, siku ileile ya kuchota sampuli, na kuandika kwenye lebo ya chupa. Ukishaona hivyo, dodoso limerudi lenyewe kwenye benchi la maabara.

Sampuli ziweke kwenye chupa za plastiki zilizosuuzwa mara tatu kwa maji hayohayo, si za kioo. Floraidi hukaa siku 28 bila kutiwa dawa.

SWALI: Niko mwaka wa tatu. Nataka kurudi Kagera likizo ya Juni nifanye mahojiano ya tasnifu. Vibali vinachukua muda gani, na vinatoka wapi? – J., mwanafunzi wa afya ya mazingira

JIBU: Kama unasoma haya Aprili na hujaanza, badilisha mpango sasa hivi. Kwa safari ya Juni, kazi ya karatasi huanza kabla ya Krismasi.

Vibali ni vya pande mbili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Chuo chako kina bodi ya maadili, maarufu kwa herufi IRB. Kabla ya kuomba lazima umalize mafunzo ya mtandaoni ya utafiti wa binadamu, wewe na msimamizi wako. Mahojiano ya watu wazima kuhusu maji au chakula huenda yakapitishwa kwa njia fupi. Ukiwagusa walio chini ya miaka 18, unahitaji ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na foleni inakuwa ndefu. Bodi itataka dodoso lote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kama wahojiwa wako ni wazee wanaozungumza Kihaya, usiandike fomu ya Kiswahili cha kitabuni halafu ukamtegemea mjukuu atafsiri papo kwa papo. Bodi makini italishika hilo.

Upande wa Tanzania, mtafiti kutoka taasisi ya nje anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kazi ikigusa afya, kama kukagua meno au kuchukua damu, ni lazima ipite NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa maadili. Wanyamapori ni TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Zanzibar ina utaratibu wake. Jirani zetu: Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Wote hawa hutaka barua ya taasisi ya ndani inayokupokea, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, maana barua hiyo inategemea mhadhiri mmoja mwenye shughuli nyingi. Mwandikie mapema, kwa heshima, umweleze kazi yake itakuwa ipi na jina lake litakaa wapi kwenye chapisho. Kumwomba mtu mhuri tu ni utovu wa adabu, na anaujua.

Kibali cha taifa kikitoka, safari haijaisha. Barua inashuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa kijiji. Tenga wiki nzima kwa ngazi hizi, na nakala za karatasi za kutosha. Kuonyesha kwenye simu hakusaidii.

Kuna la viza ambalo hatuwezi kulipita. Masharti ya Marekani kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, yamebadilika tangu 2025. Kabla ya kukata tiketi, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni na pasipoti mkononi, uangalie viza yako ni ya kuingia mara moja au zaidi na inaisha lini, na uhakikishe I-20, ile fomu ya chuo inayoambatana na viza ya mwanafunzi, ina sahihi ya kusafiria isiyozidi mwaka mmoja. Ukiwa na shaka ya kurudi, usiende. Panga utafiti ambao mwenzako wa chuo cha nyumbani anakusanya data, wewe unachambua, na wote wawili mnaandikwa kama waandishi. Hilo si la kujionea haya. Lakini jina lake liwe kwenye ombi la IRB tangu mwanzo, kwa sababu data iliyokusanywa na mtu asiyeidhinishwa haiwezi kutumika, hata ingekuwa safi namna gani.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mzazi, Tanga. Binti yangu yuko mwaka wa pili huko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na anataka kuingia onazi. Nachoogopa ni gharama na muda. Asije akachelewa kumaliza, au akapata matatizo ya viza kwa ajili ya tasnifu. – Mama wa Tanga

JIBU: Wa aleikumu salaam, mama. Tasnifu ya kawaida ni krediti 6, muhula mmoja 3 na mwingine 3. Ikiwa programu inazihesabu kama kozi za kuchagua ndani ya zile 120, hakuna mwaka unaoongezeka. Hatari ni pale binti anapokuwa na fani kuu mbili na onazi juu yake. Hapo mwambie achague.

Viza inadai awe na angalau krediti 12 kila muhula. Tatizo hutokea mwaka wa nne: mwanafunzi anaona tasnifu imemlemea, anadondosha kozi mbili, anabaki na 9. Asidondoshe chochote kabla ya kuidhinishwa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Muhula wa mwisho kabisa anaweza kuruhusiwa krediti chache ikiwa ndizo tu zilizobaki ili ahitimu, ila kwa ruhusa hiyo.

Kazi ya maabara ya chuo yenye malipo inaruhusiwa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Maabara ya kampuni nje ya chuo ni habari nyingine: anahitaji kibali cha CPT, yaani cha kazi ya mafunzo nje ya chuo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, si baada.

Kuhusu fedha, fursa nyingi za utafiti wa kiangazi anazoziona kwenye matangazo, zile za REU zinazolipwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, ni za raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani. Ufadhili wa masomo wa Goldwater pia. Asipoteze wikiendi kuandika maombi hayo. Aulize mfuko wa chuo chenyewe, idara yake, na maabara ya msimamizi. Huko uraia mara nyingi si kikwazo.

SWALI: Tasnifu yangu inatumia kumbukumbu za zamani za msitu, na nina wasimamizi wawili, wa ikolojia na wa historia. Wa kwanza anafuta kila aya isiyo na namba. Wa pili anasema jedwali langu halimwambii kitu. Nimeandika sura ya tatu mara nne. – Mchovu, Toronto

JIBU: Pole sana. Wao hawagombani nawe, wanagombana wao kwa wao kupitia karatasi yako, na wewe umekubali kuwa tarishi.

Waweke chumba kimoja, hata kama ni kwa video, dakika 45. Uwe na ukurasa mmoja uliouandika wewe: swali la tasnifu kwa sentensi moja, sura zipi na nani mwenye neno la mwisho kwa kila sura, mtindo wa marejeo, tarehe za rasimu, na alama zitatolewa na nani kwa uwiano gani. Wasiondoke bila kuukubali kwa barua pepe. Baadaye kila rasimu watumie wote wawili siku hiyohiyo, barua moja, ili kila mmoja aone alichosema mwenzake. Kutuma kwa mmoja, kusubiri, kurekebisha, kisha kutuma kwa wa pili ndiko kulikokuzalia rasimu nne.

Sura ya tatu yenyewe, tunashuku imebeba kazi mbili. Itenganishe: ulipataje ushahidi, na ushahidi unasema nini. Mwanahistoria anataka kujua kumbukumbu za msitu ziliandikwa na nani na kwa faida ya nani. Mwanaikolojia anataka kujua zina makosa kiasi gani. Ukitazama vizuri, hilo ni swali moja. Aliyehesabu miti ili akusanye kodi ana sababu ya kukosea kuelekea upande mmoja, na upande huo unaweza kuingia kwenye hesabu yako ya makosa. Aya hiyo wote wawili wataisoma.

SWALI: Kuna mahali sayansi zimeshachanganywa tayari, nisihangaike kuunganisha mwenyewe? – Kidato cha sita, Dodoma

JIBU: Yapo. McMaster, Hamilton, Kanada, ina shahada ya Sayansi Jumuishi tangu 2009, ambayo fizikia, kemia, baiolojia, hisabati na sayansi ya dunia hufundishwa kupitia miradi badala ya kozi mojamoja. London, chuo cha UCL kina shahada ya Sanaa na Sayansi tangu 2012. Tahadhari moja: Ontario, onazi mara nyingi humaanisha shahada ya miaka minne ikilinganishwa na ile ya miaka mitatu, kwa hiyo neno hilo kwenye cheti cha huko si dalili ya tasnifu wala ya alama za juu.

SWALI: Ni Februari. Utetezi ni Aprili. Nilipanga kupima maji ya kunywa ya kaya 40, nimepata 17, na friji ya maabara ilizimika, nusu ya sampuli za bakteria zimeharibika. Nijitoe kwenye onazi? – Asiyelala

JIBU: Bado. Leo andika kwenye daftari la maabara friji ilizimika lini, iligunduliwa lini, na sampuli zipi zilikuwa ndani. Hizo zitoe zote, hata zile zilizotoa matokeo uliyoyapenda. Sampuli ya bakteria iliyopata joto haisemi tena habari za kisima. Bakteria wanaweza kuzaana au kufa ndani ya chupa, na huwezi kujua ni lipi lililotokea.

Kisha punguza swali. Kaya 17 haziwezi kukuambia asilimia ya kijiji kizima, kwa hiyo futa asilimia zote na majaribio ya takwimu yanayozitegemea. Zinaweza kukuonyesha namna maji yanavyochafuka kati ya kisima na kikombe, kaya kwa kaya, ukiwa na maelezo ya kina ya chombo, mfuniko, kata ya kuchotea na mkono uliochota. Kichwa cha tasnifu kibadilike kulingana na hilo, na msimamizi akikubali kwa maandishi wiki hii, mtahini atasoma kazi ndogo iliyokamilika badala ya kazi kubwa yenye mashimo.

Ukiona hata hivyo haitoki, uliza tarehe ya mwisho ya kugeuza tasnifu kuwa utafiti huru wa kawaida. Vyuo vingi huruhusu, krediti zako zinabaki na unahitimu Mei kama wenzako bila neno onazi kwenye transkripti. Tarehe hiyo huwa imejificha kwenye kalenda ya msajili, si ya programu ya onazi. Itafute kesho asubuhi, kisha ulale.